Bei ya Bastola ya Mbio

Mwalimu Kitheka alikuwa na sifa mbili pale Tawa: hakuwahi kuchelewa mahali, na alikuwa na bastola. Sifa ya kwanza watu waliisahau alipostaafu. Ya pili waliishikilia, na yeye mwenyewe aliwasaidia kuishikilia, maana hakuna mgeni aliyeingia sebuleni kwake akamaliza kikombe cha chai bila kuonyeshwa kabati ya kioo na kilichomo ndani.

Usishtuke. Haikuwa bastola ya kuua mtu. Ilikuwa ile ya kuanzishia mbio, chuma cheusi chenye mpini wa mbao na silinda ya kuzunguka, imetengenezwa Uingereza enzi za ukoloni, na mtutu wake umezibwa tangu kiwandani hivi kwamba usingetoa hata punje ya mtama. Kazi yake ni kelele na moshi, basi. Polisi waliwahi kuja kuitazama, wakaigeuzageuza, wakacheka, wakamwandikia barua ya kumruhusu kuwa nayo, wakaenda zao. Kitheka aliiinua angani katika viwanja vya Makueni na Kitui kwa muda wote aliofundisha michezo, watoto wameinama kwenye mstari wa chokaa, na mpaka kidole chake kiamue, hakuna aliyethubutu hata kujikuna. Shule zilipohamia kwenye vibao vya kugonganisha, yake ikampa bastola ile siku ya kustaafu, pamoja na blanketi na chupa ya chai.

Kwetu mtu akiwa na kitu kisicho cha kawaida ataulizwa kinauzwaje, hata kama hakiuzwi. Kitheka naye aliulizwa sana, na kwa miaka alikuwa akijibu kwamba hajui. Angeendelea kujibu hivyo akafa na heshima zake, ila mvua za Novemba mwaka mmoja ziliharibu paa lake. Akamwambia mkewe, Ndinda, kwamba ameamua: anaipeleka bastola Nairobi, waezeke nyumba. Ndinda hakumzuia. Alimfungia chapati mbili za safari na kumtilia bastola kwenye mfuko wa unga.

Muuza vitu vya kale wa Nairobi aliipokea, akaifungua, akaifunga, akamwambia bei yake ni shilingi elfu sita, na hata hiyo ni kwa kuwa amemuonea huruma mzee aliyetoka mbali. Zipo nyingi, alisema. Kila shule ya zamani ilikuwa nayo. Kitheka aliichukua, akairudisha kwenye mfuko wa unga, akapanda gari. Njia nzima alikuwa akihesabu watoto aliowaanzishia mbio, na kila alipofika idadi kubwa aligawa elfu sita kwa idadi hiyo akaona haya. Hakuona haya kwa ajili ya bastola, aliona haya kwa ajili yake mwenyewe.

Ndinda alikuwa mlangoni. Akauliza imeenda pesa ngapi. Ulimi hauna mfupa, jamani. Kitheka akasikia sauti yake mwenyewe ikisema kwamba alikutana na mzungu pale, mzungu akatoa laki mbili, taslimu, na yeye akakataa, kwa sababu heshima ya watoto wa Ukambani haiuzwi.

Alitarajia ugomvi. Laki mbili, na sufuria zimetandazwa sakafuni kukinga maji! Lakini Ndinda alimtazama, machozi yakamlengalenga, akasema kwamba hakujua ameolewa na mtu wa namna hiyo. Jumapili akasimama kanisani kutoa ushuhuda. Alisema mbele ya watu wote kwamba wapo wanaouza utu wao kwa kilo ya sukari, ila bwana wake alitiwa laki mbili mkononi akazirudisha. Kanisa likapiga makofi na mchungaji akaishika habari ile akahubiri nayo.

Njia ya mwongo ni fupi, wahenga walisema, lakini wahenga hawakuwa na makanisa yenye vipaza sauti. Ushuhuda ule ulikwenda kwenye mikutano ya akina mama, ukavuka hadi Kitui, ukateremka barabara ya Mombasa. Popote Kitheka alipokwenda alipewa kiti cha mbele. Kila alipokalia kiti hicho kilimchoma, naye aliendelea kukikalia. Paa alilitengeneza kidogokidogo kwa pensheni, bati baada ya bati, na Ndinda hakulalamika hata siku moja. Kutolalamika kwake ndiko kulikomuumiza Kitheka kuliko yote.

Hivyo ndivyo mambo yalivyokuwa hadi asubuhi ambayo Nduku alimpigia simu kutoka Salama.

Nduku alikuwa mwanafunzi wake zamani, msichana aliyekimbia kama mwenye deni, na sasa ni mama wa makamo mwenye hoteli ya chakula cha madereva wa malori. Alikuwa na binti, Cheryl, aliyepata nafasi ya kusomea uuguzi. Nduku hakusema mengi kwenye simu. Alisema kuna kitu anataka kununua, na hawezi kukinunua bila jicho la mwalimu, na atalipa nauli. Kitheka alivaa koti. Kuitwa namna hiyo bado kulimpendeza, tusimfiche.

Kitu chenyewe kilikuwa dukani kwa Ngure. Ngure alikuwa mtu wa Murang'a aliyekuja Salama akiwa kijana na kubaki, mzee wa kanisa, mpole, na duka lake lilijaa vitu ambavyo wengine wangetupa: redio za mbao, pasi za makaa, cherehani za kuzungusha kwa mkono, saa za ukutani zilizogoma. Watu wa Nairobi wanaojenga mahoteli husimama hapo kununua vya kupambia kuta. Ngure hakupenda kupigana bei. Aliandika bei kwenye kipande cha karatasi, akakifunga kwa uzi, na aliyetaka alichukua.

Alipowaona, alimpa mwalimu mkono kwa mikono miwili, akamtolea kiti, akaagiza chai, kisha akaleta kitambaa chekundu na kukifungua mezani. Ndani yake mlikuwa na bastola ya mbio.

Kitheka aliijua kabla haijafunuliwa yote. Kiwanda ni kile kile, mpini ni ule ule. Ila hii ilikuwa imetunzwa. Ile yake ilikuwa na kutu shingoni. Hii ilikuwa safi, na sanduku lake la kadibodi bado lipo. Kwenye uzi kulikuwa na karatasi, na kwenye karatasi, kwa mwandiko mzuri wa Ngure: laki moja na ishirini.

Alimuuliza Ngure, kwa sauti aliyoilazimisha iwe ya kawaida, bei hiyo ameipata wapi.

"Kwako, mwalimu," Ngure akasema, akishangaa kwamba anaulizwa. "Si yako mzungu alitaka na laki mbili? Mama alitoa ushuhuda. Sasa mimi nikasema, hii haina jina kama ya mwalimu, nisionee mtu. Nikapunguza elfu themanini."

Nduku alitikisa kichwa kukubali, kama anayesikia hesabu iliyonyooka. Naye akaeleza yake. Alikuwa ameuza ng'ombe wawili. Alikuwa amechukua na akiba yake ya chama. Akinunua hii kwa laki moja na ishirini na kuiuza kwa laki mbili, Cheryl atasoma mwaka mzima na ng'ombe mmoja atarudi. Pesa alikuwa nazo hapo, kwenye mkoba uliofungwa kwa leso, amebana mkoba kwa kiwiko.

"Wewe ukisema bei ni sawa, nalipa saa hii," akasema. "Halafu utanipa namba ya yule mzungu wako. Sitakusumbua tena."

Kitheka alichukua bastola ili macho yake yapate pa kukaa. Ameulizwa kama bei ni ya haki, na bei yenyewe ilizaliwa kinywani mwake. Ilitembea kutoka mlango wa nyumba yake hadi kanisani, kutoka kanisani hadi Salama, ikavaa uzi na karatasi, na sasa inamngoja aiape. Akisema bei ni sawa, Nduku atabaki na kelele na moshi, na binti atakaa nyumbani. Akisema bei si sawa, atatakiwa kueleza ni kwa nini, na sababu ilikuwa imekaa kwenye kiti chake ikinywa chai.

Alizungusha silinda. Ikalia tik, tik, vizuri kabisa. Akaifungua, akachungulia ndani, akaisogeza kwenye mwanga wa mlango. Alifanya yote ambayo mtaalamu hufanya, na alipokuwa akifanya hivyo akapata mwanya wa tatu. Mtu mwenye aibu hakosi mwanya.

Akasema kwamba silinda si ya bastola hii. Imetolewa kwenye nyingine na kupachikwa. Mtu asiyejua hawezi kuona, akasema, lakini mnunuzi wa kweli ataona mara moja, na kitu kilichopachikwa hakina thamani. Akaiweka chini kwenye kitambaa. Akamwambia Nduku afunge mkoba wake arudi kwa wateja.

Nduku akashusha pumzi ndefu, akasema asante, akamshika mwalimu mkono akaubana. Mungu amemuokoa, akasema, kwa kumpa mwalimu kama huyu. Kitheka akanywa chai iliyokwisha kupoa. Alijiambia kwamba mambo yamekwisha salama: pesa za mtoto zimepona, Ngure hajapoteza chochote ila karatasi na uzi, na jina lake liko palepale. Ni nani aliyeumia?

Ngure hakubisha wala hakununa. Uso ulimsawijika. Alimgeukia Nduku akamuomba msamaha, mama Cheryl, akasema, nilikuwa karibu kula ng'ombe zako bila kujua. Kisha akatoa simu. Bastola haikuwa yake, akaeleza. Ilikuwa imeachwa hapo mali kauli na mzee wa Kambu, Mbuvi, aliyekuwa mtunza uwanja wa shule moja ya zamani, na alipaswa kulipwa ikiuzwa. Si vizuri kuendelea kuwa na kitu chake bila kumwambia. Akaweka simu juu ya meza, sauti imefunguliwa, ili wote wasikie na asije akasemwa amegeuza maneno.

Mbuvi aliitika kwa furaha, maana alidhani imeuzwa. Ngure akamwambia kilichoonekana. Mbuvi akasema haiwezekani. Bastola alipewa na mwalimu mkuu wake kwa mkono, akaiweka kwenye sanduku la nguo, na hakuna aliyeigusa tangu hapo. Ameipangusa mafuta mwenyewe kila mwaka. Silinda ni ile ile. Alisema hayo kwa sauti ya mtu aliye na hakika. Ngure akamwambia, kwa upole, kwamba aliyeiona ni mwalimu Kitheka wa Tawa, na yupo hapa.

Wakasikia kuku upande wa pili.

"Kama ni mwalimu amesema," Mbuvi akasema, na sauti ilikuwa imeshuka, "basi labda ni mimi sikuangalia vizuri. Macho yangu si kama zamani. Mwambie mwalimu anisamehe kumletea kitu kibovu. Nitakuja kuichukua."

Kitheka aliinuka. Alisema anakwenda nje kidogo, na Ngure akamwonyesha kwa kidole upande wa choo. Hakwenda chooni. Alisimama nyuma ya duka, penye magurudumu chakavu, malori yakipita mbele na kutikisa mabati. Kuongopa kuhusu mzungu kulikuwa jambo moja. Mzungu hakuwepo, basi hakumuumiza mzungu. Lakini yule mzee alikuwepo. Alikuwa na macho yake mawili na mafuta yake na hakika yake, na kwa neno moja la Kitheka alikuwa amevikana vyote akaomba msamaha. Mtu akikuamini kuliko macho yake mwenyewe, na wewe unajijua ni mtu gani, unajificha wapi? Kitheka alitamani ardhi ipasuke. Haikupasuka. Gari la mizigo lilipiga honi na mtu mmoja akauliza kama choo kiko wazi.

Akapiga moyo konde akarudi ndani. Hakuketi.

"Silinda ni yake," akasema. "Bastola ni nzima, kuliko yangu. Nilidanganya."

Nduku akauliza, bila ukali, alidanganya kwa nini. Hapo ndipo ilibidi aseme lile lingine. Akalisema huku akitazama pasi za makaa zilizopangwa kwenye rafu, kwa kuwa hakuweza kuwatazama. Hakukuwa na mzungu. Hakuna aliyewahi kutoa laki mbili. Aliipeleka Nairobi akaambiwa elfu sita, akaona haya kumwambia mkewe, na mkewe akasimama kanisani akasema kile alichoambiwa. Yote mliyosikia yalitoka kwangu, akasema, na Ndinda mpaka leo hajui.

Alingoja wamkaripie. Alikuwa amejiandaa kukaripiwa. Alikuwa hata amejiandaa kwa Ngure, mzee wa kanisa, kumwambia habari za uongo ndani ya nyumba ya Mungu. Ngure alivuta kile kipande cha karatasi kutoka kwenye uzi, akakigeuza upande mweupe, akachukua kalamu.

"Basi bei yake ni ngapi, mwalimu?" akauliza.

Kitheka hakuwa ametarajia hilo. Aliichukua tena bastola, na mara hii aliitazama kweli: kisahani cha shaba cha kiwanda, chemchemi, sanduku. Ilimchukua muda, maana alitaka kusema jambo moja la haki siku hiyo. Akasema ile yake ni elfu sita. Hii ni safi na ina sanduku, kwa hiyo elfu tisa ni haki, na atakayeiuza kumi na mbili amepata mteja mwenye haraka. Ngure akaandika tisa. Kisha akapiga simu ya Kambu tena, na ilipoitikiwa akaisukuma mbele ya Kitheka bila kusema neno.

Kitheka aliongea na Mbuvi mwenyewe. Alirudia yote, mbele ya wengine wawili, na kuyarudia kulikuwa kugumu kuliko mara ya kwanza. Mbuvi alisikiliza mpaka mwisho. Aliuliza tu kama kweli silinda ni ile ile, na alipoambiwa ni ile ile akasema Mungu asifiwe, alikuwa ameanza kuogopa kwamba anapofuka. Elfu tisa hakuiulizia.

Nduku alimsindikiza hadi penye magari ya kuelekea Tawa. Alilipa nauli kama alivyoahidi, ingawa Kitheka alikataa mara mbili. Hakuwa amenuna. Alizungumza habari za mvua, na za ng'ombe ambao huenda aliyewanunua akakubali kumrudishia mmoja, na za Cheryl, ambaye ataanza muhula mmoja kwa hizi zilizopo na mengine yatajulikana mbele. Kitheka alisema ndiyo, ndiyo. Alikuwa akiwaza atakavyomwambia Ndinda, atakavyoanza, kama ataanza kabla ya chakula au baada, na alitamani Nduku amtukane mara moja amalize.

Gari lilikuwa halijajaa. Nduku alisimama chini ya dirisha, akiufungua na kuufunga mkoba.

"Mwalimu," akasema, "ile fainali ya Kitui. Mita mia mbili."

Kitheka aliikumbuka. Nani asingeikumbuka? Nduku alishinda kwa hatua nzima, na wa pili, msichana wa Mwingi, akaanguka akilia kwamba Nduku aliondoka kabla ya mlio. Walimu wa kule wakaingia uwanjani. Kitheka, bastola ingali ikitoa moshi, akasema hapana, msichana wangu ameondoka sawa, na neno la mwanzishaji ndilo la mwisho, mambo yakaishia hapo. Ushindi ule ulimpatia Nduku nafasi ya kusoma bweni bila karo. Picha yake na medali ilikuwa hotelini juu ya meza ya pesa, na madereva wa malori kutoka Mombasa hadi Malaba walikuwa wameelezwa habari zake, wapende wasipende.

"Walisema nilitoka mapema," Nduku akasema. "Mimi mwenyewe sikujua. Nilikuwa nimefunga macho. Wewe ulisema nilitoka sawa, basi nikajua nilitoka sawa." Akaufunga mkoba. "Nilitoka sawa?"

"Ulitoka sawa, Nduku. Haki ya Mungu. Niliona miguu yako."

Ilikuwa kweli. Kitheka alikuwa ameiona miguu ile, vidole vimeuma chokaa, vimengoja mlio kama vilivyofunzwa. Katika maisha yake yote hakuwa na hakika ya jambo lolote kama alivyokuwa na hakika ya hilo. Aliinama dirishani amtazame usoni, aone kama limeingia.

Nduku aliitikia kwa kichwa. Akasema sawa, mwalimu, safiri salama, kwa ile sauti ya adabu ya mtu aliyetajiwa bei akaamua atapita kwanza kuulizia kwingine. Ila kwa jambo hili hapakuwa na kwingine. Siku ile Kitui watu wote walikuwa wakitazama mstari wa kumalizia, na aliyekuwa ametazama mstari wa kuanzia alikuwa mwalimu peke yake.